Breki ya Bwana Mifugo

Sokoni Buguruni, saa nne asubuhi, mtu mwenye akili zake hapiti na pikipiki. Leodegar alipita. Alikuwa amevaa shati la kaki lililopigwa pasi kali, mabuti ya mpira yanayofika magotini, na nyuma ya kiti amefunga sanduku la dawa za ng'ombe. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mradi wa mifugo, zile ndefu za kupandia vilima, matairi yenye meno na madigadi yaliyoinuka juu. Mkokoteni ukakatisha mbele yake. Akakamata breki ya mbele, breki ikabonyea mpaka mwisho bila kushika kitu, na bwana mifugo akaingia mzimamzima kwenye mafungu ya nyanya ya Bi Mauwa.

Aliyekuwa ameinama pale akichagua nyanya ni Mwanaasha, binti wa Mzee Marijani, ndani ya gauni jeupe aliloshonewa sikukuu ya Idi. Hakuwa na sababu yoyote ya kulivalia sokoni isipokuwa kwamba alijijua linampendeza. Lilipata maji ya nyanya kuanzia kifuani hadi chini.

"We kaka, macho umeyaacha wapi?"

"Samahani sana, dada. Breki imekataa."

"Breki haikatai yenyewe. Umeifanya nini?"

Bi Mauwa alikuwa anapiga kelele za kutosha watu watatu, kwa hiyo Leodegar alipiga magoti kumwokotea nyanya zake. Mwanaasha hakumngojea. Alinyoosha mkono, akaubinya mkono wa breki, akausikia ukienda laini kama andazi lililolala. Akabinya tena, na tena. Mara ya tatu ukashika kidogo.

"Isukume," alisema. "Nifuate."

"Wapi?"

"Kwa fundi."

Gereji ilikuwa nyuma ya soko, chini ya mabati mawili, mkabala na duka la Anwar. Mzee Marijani alikuwa amekaa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari, mkono wake wa kulia umelala mapajani toka kiharusi kilipompiga. Leodegar alimpa shikamoo, akasimama kusubiri. Mwanaasha aliingia ndani, akatoka na ovaroli juu ya gauni lake lenye nyanya, spana mkononi.

"Sasa fundi yuko wapi, dada?"

"Ndiyo huyu uliyemrushia nyanya."

Mzee Marijani alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki mzima. Mwanaasha akafungua kifuniko cha masta silinda, kile kikopo cha mafuta ya breki kwenye usukani, na badala ya mafuta akakuta povu.

"Nani kakuwekea maji ya sabuni humu?"

"Fundi mmoja wa huko Kimara. Alisema mafuta ya breki hayapatikani."

"Hiyo ilikuwaga zamani, kaka, enzi zile tunapanga foleni hata ya sabuni yenyewe. Siku hizi madukani kumejaa. Watu wameshazoea shida, basi hata ikiondoka wanaendelea nayo." Alichovya kidole. "Sabuni imeshazila raba za ndani. Nitakusafishia, nitaweka mafuta, nitatoa upepo. Ila raba zenyewe za kubadilisha hizi, na sijaziona mjini. Ikirudi kubonyea, uje."

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Zamani Mwanaasha aliifanya na baba yake. Sasa alimkalisha Leodegar kwenye pikipiki, yeye akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa.

"Binya taratibu. Tena. Tena. Sasa shikilia." Akafungua kinati kidogo pale chini, mafuta yakatoka na mapovu yake. "Shikilia, nasema, usiachie mpaka nifunge. Ukiachia kabla sijafunga upepo unarudi ndani, tunaanza upya."

"Nimeshikilia."

"Nimefunga. Achia."

Waliendelea hivyo mpaka mapovu yakaisha. Jua lilikuwa kali, na kila Mwanaasha alipoinua uso kusema "achia" alikuta bwana mifugo anamtazama yeye, hatazami breki. Hakukasirika. Na mie nitawaambia ukweli wake wote, maana hadithi hii bila ukweli haina maana: alipenda.

Leodegar alirudi Jumatatu. Breki ilikuwa laini tena. Wakatoa upepo. Akarudi Alhamisi. Ikawa ndiyo desturi yao. Akiwa mbali, huko Mbezi au Kibamba kwa wafugaji wake, alipiga simu duka la Anwar, na Anwar alitoka kibarazani na kuita kwa sauti ya mtu anayeadhini, "Fundiii! Bwana wako wa ng'ombe!" Mtaa mzima ukasikia. Mwanaasha alivuka barabara akijifuta mikono, akijifanya hana haraka.

"Haloo."

"Fundi wangu?"

"Bwana Ng'ombe. Leo umemgonga nani?"

"Bado. Lakini breki imelala tena."

"Imelala, au wewe umeilaza?"

"Ah! Mimi tena? Niilaze kwa faida gani?"

"Sijui. Waulize ng'ombe zako."

"Nikija jioni nitakukuta?"

"Niende wapi mie na mafuta yote haya mwilini? Njoo. Na mtindi wa baba usisahau."

Alikuja na mtindi, akaja na vichekesho vya ng'ombe wa mabwana wakubwa wanaofugwa uani kama paka. Mara nyingine alikuja na mdogo wake, Gaudens, kijana mwembamba mwenye miguu mirefu aliyekuwa mmachinga wa suruali za mitumba. Asubuhi Gaudens alitundika suruali begani Buguruni, akazunguka Ilala, Kariakoo, Magomeni, akarudi jioni kwa miguu ileile akiimba. Ndiye peke yake aliyesema wazi. "Shemeji, shikamoo," alimwambia Mwanaasha kila alipomwona, na Mwanaasha alimtupia tambara lenye grisi.

Lakini wao wawili neno lenyewe hawakulitoa. Leodegar alikuwa Mkatoliki wa Mahenge mwenye mama anayesali rozari alfajiri. Mwanaasha alikuwa binti wa Marijani, ambaye msikitini hakuna asiyemjua. Kila mmoja aliona kwamba akilisema atalazimika kulibeba mpaka kwa wazazi. Basi wakalikalia, wakazungumza breki.

Siku moja Mwanaasha alikwenda Gerezani kununua cheni, akaona kwa muuzaji mmoja aliyetoka Dubai kipakiti kidogo cha nailoni: raba za masta silinda, saizi yenyewe kabisa. Alinunua hapo hapo. Njia nzima alifurahi kama fundi anavyofurahi. Alipofika gereji akamkuta Leodegar amekaa na Mzee Marijani wanacheka, mikono ya shati ameikunja, na mzee, ambaye toka augue hakuwa mtu wa maneno, anamsimulia habari za ujana wake. Mwanaasha alisimama na kipakiti mkononi. Akawaza: nikiziweka hizi, breki itapona. Ikipona atakuja kufanya nini?

Akaingia ndani akakitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, juu ya rafu. Nitaziweka wiki ijayo, alijiambia. Alikuwa ameshamfundisha Leodegar kuikamata breki mara tatu ndipo ishike, na Leodegar alikuwa dereva mzuri. Hivyo ndivyo alivyojidanganya, na alikuwa anajua anajidanganya.

Wiki ijayo ikapita. Leodegar akasema, "Fundi, Jumamosi twende Kariakoo tukatafute hizo raba. Duka kwa duka. Haiwezekani mji mzima zikosekane."

Mwanaasha angeweza kusema pale pale. Akasema, "Twende."

Jumamosi ile alivaa gauni la buluu lenye mabega yaliyotuna, mtandio mwepesi na viatu vya kisigino kifupi. Leodegar alikuwa na suruali ya kitambaa na shati la mauamaua ambalo Gaudens alimchagulia kwenye mzigo wake mwenyewe. Kulikuwa na chanjo ya kupeleka Kibamba siku hiyo, ng'ombe wa mtu mmoja mkali. Gaudens akasema atapeleka yeye, pikipiki anaijua, kaka yake amemfundisha uwanjani. "Nyie nendeni zenu mkatafute raba," alisema, na lile neno raba alilivuta mpaka Mwanaasha akaona haya.

"Breki ya mbele kamata mara tatu," Leodegar alimwambia.

"Sawa, kaka."

Walizunguka duka kwa duka mpaka miguu ikawaka. Katika duka moja la Mtaa wa Msimbazi, muuzaji aliinama chini ya meza akasema, "Ipo!" Akaiweka mbele yao. Mwanaasha aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama kwa makini kama fundi. "Si saizi yake," alisema, akamrudishia.

"Tuendelee kutafuta," alisema Leodegar, wala hakuonekana kuhuzunika.

Walikunywa maji ya ukwaju kwenye kivuli cha kibanda. Leodegar alimfuta tone la ukwaju kidevuni kwa kidole gumba, mbele za watu, na Mwanaasha akamwacha.

"Siku moja tutakosa cha kutafuta, fundi wangu."

"Tutatafuta kingine, Bwana Ng'ombe."

Hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote walizowahi kuwa nayo, na ndiyo maana Mwanaasha hakuweza kuikumbuka tena bila kujilaumu.

Waliporudi alasiri, Anwar alikuwa amesimama katikati ya barabara akiwasubiri. Hakuita. Alimshika Leodegar bega akasema, "Braza, wamepiga simu kutoka Kibamba. Mdogo wako."

Kuna mteremko kule, na chini yake njia ya malori ya kokoto. Lori lilijitokeza. Mtu akiona lori mbele yake hakamati breki mara tatu. Anakamata mara moja kwa nguvu zake zote. Mkono wa breki ukalala. Gaudens akakanyaga ya nyuma, tairi likateleza kwenye changarawe, akaanguka na pikipiki, na gurudumu la lori likapita juu ya mguu wa kulia. Hospitali waliukata juu ya goti.

Mtaa ulipata la kusema. Fundi mwanamke, walisema. Walisema mzee wake angekuwa mzima haya yasingetokea, na wateja waliokuwa wakimsifu Mwanaasha wakaanza kusukuma pikipiki zao mpaka Ilala. Mabwana wawili wa mradi walikuja wakauliza maswali, wakaondoka. Walipoondoka Mzee Marijani alimwita.

"Raba," alisema kwa ulimi wake mzito. "Siku ile ya Gerezani nilikuona na kipakiti."

Mwanaasha alitazama kwenye rafu.

"Ziko wapi?"

"Kwenye kopo, baba."

Mzee alifumba macho. Mwanaasha alitegemea ghadhabu, pengine angeipenda. Lakini alichokiona usoni mwa baba yake ni hofu. "Usiseme," alinong'ona. "Usimwambie mtu. Watakufunga, na mie nitabaki na nani?"

Simu haikulia tena kwa ajili yake. Alipiga ofisini kwa Leodegar, akaambiwa hayupo. Alikwenda hospitali na uji kwenye chupa ya chai, akamwona kwa mbali kwenye kibaraza cha wodi, amekunja suruali, anafua mashuka ya mdogo wake. Hakumfuata. Akampa muuguzi chupa akarudi nyumbani analia njia nzima bila kujificha. Aliamini Leodegar anamchukia, na aliona ana haki.

Leodegar alikuja mwenyewe, kwa miguu, mfungo wa Ramadhani ulipokuwa umeshaanza. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa. Alimwamkia mzee, kisha akamfuata Mwanaasha ndani kwenye giza la gereji.

"Umenikimbia," alisema.

"Wewe ndiye uliyenikimbia."

"Nilikuwa sina uso wa kukutazama, Mwanaasha." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Nimesikia wanayosema huku. Nimewaambia ofisini waache. Nimewaambia fundi amefanya kila linalowezekana, raba hazipatikani, tumezunguka Kariakoo nzima mimi na yeye kwa miguu yetu. Nimeyatia saini maelezo hayo. Hakuna atakayekugusa."

Angekuja na matusi, Mwanaasha angeweza kuyavumilia. Angeweza pia kunyamaza, kama baba yake alivyomwomba, na mwanaume huyu angekuwa wake. Aliliona hilo wazi kabisa. Ilibaki kunyamaza tu. Alimtazama namna alivyosimama pale akimtetea, akashindwa. Alinyanyua mkono, akashusha kopo, akamimina kipakiti kwenye kiganja cha Leodegar.

Alikisogeza kwenye mwanga wa mlango. "Umezipata? Lini?"

"Kabla ya Kariakoo."

"Kabla..." Alikigeuza kipakiti. "Yule wa Msimbazi, aliyesema ipo?"

"Ilikuwa saizi yake."

"Kwa nini?"

"Ingepona usingekuja tena."

Leodegar alikaa chini, palepale kwenye sakafu yenye oili, na suruali yake safi. Mwanaasha alisubiri hata kofi. Alipoinuka alisema neno moja tu.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa Gaudens. Hili si la kuniambia mimi."

Chumba chao kilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Gaudens alikuwa kitandani, ameegemea ukuta, suruali za mitumba zimerundikwa pembeni yake bila kuguswa. Shuka lilimfunika, na upande mmoja lilikuwa bapa.

"Shemeji!" alisema, akajaribu kucheka. "Uji wako niliunywa."

Mwanaasha alipiga magoti kwenye mkeka. Alisema yote: kipakiti, kopo, Kariakoo, muuzaji wa Msimbazi. Hakujitetea hata kwa neno moja. Gaudens alimsikiliza akimtazama mdomoni.

"Kuziweka hizo raba," aliuliza alipomaliza, "ni kazi kubwa?"

"Hapana."

"Siku nzima?"

"Muda wa kuchemsha chai."

Gaudens alitikisa kichwa polepole. Leodegar, aliyekuwa amesimama mlangoni, akazungumza kwa sauti ambayo Mwanaasha hakuwahi kuisikia.

"Si yeye peke yake. Tulipokuwa tunatoa upepo... nilikuwa naachia mkono kabla hajafunga. Kila mara. Kidogo tu, upepo urudi ndani. Ili breki ilale, nipate sababu ya kurudi."

Mwanaasha aligeuka akamtazama. Zile jioni zote alizorudia kazi ileile, akizilaumu raba, akijiona yeye ndiye mwenye siri! Alikumbuka alivyokuwa akiinua uso na kumkuta anamtazama, na sasa hakujua aiweke wapi kumbukumbu hiyo.

Gaudens alimtazama mmoja, kisha mwingine. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Kwa hiyo mlikuwa mnapendana."

Leodegar akaingia hatua moja ndani.

"Si nauliza? Mlikuwa mnapendana?"

"Ndiyo," alisema Mwanaasha.

"Ndiyo," alisema Leodegar.

"Sasa si mngeambiana tu?" Aliwanyooshea kidole, mmoja mmoja. "Midomo si mnayo? Mimi nilikuwa nawaambia kila siku. Shemeji, shemeji, mpaka mnanitupia matambara. Mlishindwa nini kuambiana?"

Alijigeuzia ukutani. Ilimchukua muda kugeuka, maana mwili ulikuwa bado haujazoea, na Leodegar aliposogea kumsaidia alimsukuma mkono. "Mtoe, kaka. Mtoe huyu dada. Simwombei mabaya. Mtoe tu."

Walitoka wakasimama uani, karibu na ndoo za maji za wapangaji. Redio ya jirani ilikuwa inasoma bei za mazao. Leodegar alikuwa analia waziwazi, kama mtoto, bila kujifuta.

"Nakupenda, Mwanaasha," alisema. "Toka siku ya nyanya."

"Na mie nakupenda."

Walitazamana. Neno lenyewe ni jepesi kiasi hicho. Halikuwachukua hata pumzi nzima.

"Ningekuoa," alisema Leodegar. "Ningekwenda kwa baba yako, ningekwenda kwa padri, ningegombana na mama. Ningefanya vyote."

"Najua."

"Lakini siwezi kukuingiza humo ndani, akutazame kila siku. Na nikimwacha, nitamwacha na nani?"

"Najua, Leo. Usiseme tena."

Alitaka kumshika mkono, akauona mkono wake mwenyewe, kucha zina weusi wa grisi, akaurudisha. Ndani Gaudens aliita, si kwa hasira sasa, kwa aibu ya kijana anayelazimika kuomba: "Kaka. Nipeleke chooni."

"Naja," alisema Leodegar. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akainama kupita mlangoni, akaingia.

Mwanaasha alibaki uani peke yake. Alisikia kitanda kikilia, akasikia Leodegar akisema, "Nishike shingoni, taratibu, hivyo hivyo," na Gaudens akigumia kwa maumivu. Mama mmoja mpangaji alitoka na beseni akamuuliza, "Unamsubiri mtu, mwanangu?"

"Hapana, mama," alisema Mwanaasha. "Simsubiri mtu."

Akafungua geti la mabati, akatoka, akalifunga polepole nyuma yake.